“Sorry” na Ndugu Zake: Mwongozo Kamili wa Kuomba Radhi na Kutoa Pole kwa Kiingereza

“Sorry” ni Kiingereza ambacho hata asiyejua Kiingereza anacho. Konda amekukanyaga: “sori, bro”. Simu imekatika: “sori, mtandao”. Kwa kuwa tumelizoea hivyo, wengi wetu hatukuwahi kufundishwa namna ya kulitumia. Tuliliokota njiani, tukalitembeza kwa kanuni za Kiswahili. Hapa kwetu halina neno, maana tunaelewana. Shida inaanza siku unapomwandikia mteja wa Manchester, unapofanyiwa usaili na kampuni ya Toronto, au unapokaa kwenye chumba cha IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, mbele ya mtu ambaye hana Kiswahili kichwani cha kumsaidia kukuelewa.

Vitabu vingi vya shule hupanga visawe vya “sorry” kwa urasmi: hili la mtaani, hili la ofisini, hili la barua. Urasmi upo, lakini mimi naona si kipimo kizuri cha kuanzia. Kipimo bora ni lawama. Kila neno katika ukoo huu linabeba kiasi chake cha lawama, na ukichagua lenye uzito usio wake utaonekana unakwepa kosa lako au unajitwisha la mwenzako. Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Jiulize kama ungesema “pole” au “samahani”

Kabla hujafungua mdomo, itazame hali yenyewe kwa macho ya Kiswahili. Hapa ungesema pole au ungesema samahani? Kiingereza kimeziweka zote mbili ndani ya “sorry”, na kuna sababu. Neno hili lilitokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mwenye maumivu, na ni ndugu wa damu wa “sore”, linalotumika leo kwa kidonda au koo linalouma. Wengi hudhani limezaliwa na “sorrow”, huzuni, lakini chimbuko la maneno hayo mawili ni tofauti. Kwa asili, basi, anayesema “I’m sorry” anasema anaumia. Kama anaumia kwa kosa lake au kwa balaa la mwenzake, neno halisemi. Hali ndiyo inayosema.

Samahani yetu inaingia ndani ya “sorry” karibu yote. Pole ndiyo yenye kasheshe, kwa sababu pole ya Kiswahili ina eneo kubwa kuliko “sorry” ya Mwingereza. Sisi tunatoa pole kwa msiba na ugonjwa, lakini pia kwa kazi, kwa safari, kwa majukumu, kwa jua kali, kwa foleni, kwa kujikwaa, na kwa mtu kuamka mapema. Mwingereza na Mmarekani husema “sorry” ya kutoa pole pale tu penye habari mbaya yenye uzito: kifo, ugonjwa, kuachishwa kazi, ndoa kuvunjika, kufeli mtihani. Ukimwambia “sorry” kwa sababu amejigonga goti kwenye meza, atakujibu kwa mshangao kwamba si kosa lako. Kwake umeomba radhi kwa jambo ambalo hukulitenda.

Kwa hiyo yale mengine yote yanahitaji maneno yake:

“Pole na kazi” haina mwenzake. Ukimkuta mtu kazini, “How’s it going?” inatosha. Akiwa anatoka zamu na uchovu unaonekana, “Long day?” inabeba huruma ileile.

“Pole na safari” inageuka swali: “How was your journey?” kwa Mwingereza, “How was your trip?” kwa Mmarekani. Ukitaka kuonyesha umemjali zaidi, ongeza “You must be tired.”

Mtu akijikwaa au akiumia kidogo: “Are you all right?” au “Ouch! Are you OK?” Wao huuliza hali kwanza.

Mtu akipiga chafya: “Bless you.” Nimewasikia Wakenya wengi wakisema “sorry” hapo, na mgeni hubaki anajiuliza kosa ni lipi.

Ukimkuta mtu anahangaika na mizigo au vyombo: “Can I give you a hand?”

Kama wenzako kazini ni Waghana au Wanaijeria, unaweza kulegeza kanuni hii. Kiingereza cha kwao nacho kinasema “sorry” kwa aliyejikwaa, na watakuelewa bila maelezo.

Hatua ya 2: Lishike neno kwa sarufi yake

“Sorry” ni kivumishi. Linakaa katika sentensi kama “tired” au “happy”, na makosa mengi yanatokana na kulichukulia kama kitenzi.

Kosa la kwanza ni la maandishi, na limejaa kwenye simu zetu: “Am sorry”. Tunasikia “I’m”, tunaandika “am”. Kwa mdomo hakuna anayegundua, ila kwenye barua pepe linaonekana papo hapo. Andika “I’m sorry”, au “Sorry” peke yake. “Am” bila mwenyewe haisimami.

Kosa la pili ni la kulipa nguvu. Kivumishi huongezwa nguvu kwa “so”, “very” au “really”: “I’m so sorry”, “I’m really sorry”. “Sorry so much” na “much sorry” hazipo. “So” ina moyo zaidi, “very” ni kavu kidogo na inafaa ofisini. “Terribly sorry” utaisikia kwa Waingereza wa umri fulani. Ukiitumia ukiwa na miaka ishirini na mbili utachekesha kidogo, lakini hutakuwa umekosea.

Baada ya hapo kuna njia nne za kuendeleza sentensi, na hapa ndipo pa kukaza macho.

“Sorry about” hufuatwa na jina la jambo: “Sorry about the noise”, “Sorry about yesterday”. Ni nyepesi, ya mambo madogo, na haisemi waziwazi nani alisababisha.

“Sorry for” huelekeza kidole kwenye tendo, na kitenzi kinachofuata huishia na “-ing”: “Sorry for shouting”, “Sorry for keeping you waiting.” Inaweza pia kufuatwa na jina: “Sorry for the delay.” Mtego uko kwenye kumweka mtu baada yake. “I’m sorry for you” si pole kwako. Ni nakuhurumia, na mara nyingi inasikika kama dharau, mfano wa mtu anayetikisa kichwa akikutazama. Ukitaka kutoa pole, litaje jambo, usimtaje mtu.

“Sorry to” hufuatwa na kitenzi kitupu, na inahusu unachokifanya sasa hivi au habari uliyoisikia: “Sorry to bother you”, “I’m sorry to hear that.” “Sorry for disturb” ni mchanganyiko wa njia mbili, nayo si Kiingereza.

Njia ya nne ndiyo rahisi kuliko zote, na ajabu ndiyo tunayoitumia kidogo: weka sentensi nzima baada ya neno. “Sorry I’m late.” “Sorry I missed your call.” “I’m sorry I didn’t tell you.” Hakuna kihusishi cha kukosea. Kila unaposita kati ya “for” na “about”, kimbilia hapa. Na “Sorry for late”, ambayo kila mwalimu wa Kiingereza Afrika Mashariki ameisikia mlangoni mwa darasa, inapona yenyewe.

Hatua ya 3: Tenganisha “excuse me”, “sorry” na “pardon”

Kanuni ya vitabuni ni kwamba “excuse me” huja kabla na “sorry” huja baada. Unataka kupita katikati ya watu, unataka kumwita mhudumu, unataka kumuuliza njia usiyemjua: “Excuse me.” Umeshamgonga mtu begani: “Sorry.” Ni kanuni nzuri, hasa ukiwa Marekani.

Waingereza wenyewe wanaivunja kutwa nzima. Husema “sorry” wakitaka kupita, wakitaka kuuliza bei, wakitaka kukatiza mazungumzo, na hata wanapokanyagwa wao. Usishangae, na usidhani kila “sorry” ya London ni ya kuomba radhi. Nyingi ni hodi tu.

Hukusikia kilichosemwa? “Sorry?” sauti ikipanda mwishoni inatosha kila mahali. “Pardon?” ni sawa. “What?” ni kavu kwa mtu usiyemzoea. Na kuna “I beg your pardon”, ambayo tuliifundishwa shuleni kama kilele cha adabu. Ukiitamka na sauti ikapanda mwishoni, ndivyo ilivyo. Ukiitamka polepole, kila neno likikazwa na sauti ikashuka, umeshasema “Hebu rudia ulichosema, mshenzi wewe.” Iogope kidogo.

Tahadhari ya matamshi: “excuse” kama kitenzi huishia kwa sauti ya “z”, lakini kama nomino, yaani kisingizio au udhuru, huishia kwa “s”. Herufi ni zilezile. “Excuse me” ina “z”, “That’s no excuse” ina “s”.

Hatua ya 4: Pima lawama, kisha chagua neno

Hapa ndipo penye nyama. Tuanze chini tukipanda.

“My bad” ni “kosa langu hilo” ya vijana wa Marekani, iliyokomaa kwenye viwanja vya mpira wa kikapu. Umetoa pasi mbovu, umetuma faili lisilo lenyewe kwenye kundi la marafiki. Kwa bosi aliyepoteza mteja kwa sababu yako, haifai kabisa.

“My mistake” na “my fault” zinafanana lakini si pacha. “Mistake” ni kuteleza: uliandika Jumanne badala ya Jumatano. “Fault” ni lawama yenyewe: jambo limeharibika na aliyeliharibu ni mimi.

“I apologise” ndiyo hatua kubwa. “Sorry” inaeleza hali ya moyo. “Apologise” ni tendo. Unaposema umekwishalifanya, na ulichofanya ni kukubali kwamba kosa ni lako. Ndiyo maana haiwezi kamwe kuwa pole. Ukimwambia mfiwa “I apologise for your loss”, umekiri kwamba marehemu ulimuua wewe. Sarufi yake: unaomba radhi “to” mtu “for” jambo. “I apologised to her for the mistake.” Ile ya “I apologised her” ni kitenzi chetu, nilimwomba radhi, kilichovaa nguo za Kiingereza. Kuhusu tahajia, Waingereza wengi huandika “apologise” na Wamarekani “apologize”. Chagua moja na ubaki nayo hadi mwisho wa barua.

Na ajabu ya neno hili ni kwamba asili yake ni kinyume cha kukubali kosa. Kwa Wagiriki “apologia” ilikuwa hotuba ya mshtakiwa kujitetea mahakamani. Ile inayohusishwa na mwanafalsafa Socrates, aliyehukumiwa kifo Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, haina dalili ya kuomba samahani.

“Regret” ni neno la serikali, mabenki na wanasheria. Linasema nasikitika kwamba jambo lilitokea, bila kusema nililitenda mimi. Ukitaka kuona linavyofanya kazi, huna haja ya kwenda mbali. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuzungumzia mateso waliyopewa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Alisema serikali yake “sincerely regrets” kwamba ukatili huo ulitokea, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na katika taarifa hiyohiyo akakana kwamba serikali inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Fedha zimetoka, “regret” imetoka, “apologise” haikutoka. Kila neno lilikuwa limepimwa.

Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisema kwenye dhifa ya kitaifa Nairobi kwamba maovu ya zamani ni chanzo cha “the greatest sorrow and the deepest regret”. Akaongeza kwamba kwa ukatili uliofanywa “there can be no excuse”, hakuna kisingizio. Ni maneno mazito, na huzuni imo. Lakini ukiyasoma kama mwanafunzi wa Kiingereza utaona “sorrow” ni pole na “regret” ni masikitiko. Samahani haikuwemo, na waliokuwa wakiidai waliona hivyo mara moja.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, mji unaobeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Yeye aliomba msamaha. Alitumia Kijerumani, lakini kwa Kiingereza ilitafsiriwa kuwa “ask for forgiveness”, na hiyo ndiyo ngazi ya juu kabisa ya ukoo huu. “Apologise” unaimaliza mwenyewe. “Forgive me” inampa aliyekosewa mamlaka: anaweza kukubali au kukataa, na wewe unabaki unasubiri. Katika mazungumzo ya kila siku itunze kwa mambo ya ndani, kwa mke, kwa mzazi, kwa rafiki wa miaka mingi. Ukiitumia kwa kuchelewa kikao, watu watahisi kuna jambo jingine umelificha.

Waaustralia waligombana kwa miaka juu ya ngazi hizihizi. Bunge lao lilipitisha azimio mwaka 1999, chini ya Waziri Mkuu John Howard, lenye “deep and sincere regret” kwa yaliyowapata wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Halikutosha. Mwaka 2000, maelfu wakivuka kwa miguu daraja la bandari ya Sydney, ndege iliandika angani kwa moshi neno moja: “Sorry”. Lilikuja kutamkwa bungeni na Waziri Mkuu Kevin Rudd tarehe 13 Februari 2008. Hapo neno dogo la barabarani ndilo lililokuwa zito, na lile la kisomi ndilo lililoonekana la kukwepa. Ndiyo maana siamini sana orodha za urasmi.

Kwa walio ughaibuni kuna jambo la vitendo. Ukigongana na mtu barabarani, kampuni za bima hukushauri usikiri kosa papo hapo, na watu wengi huogopa hata kusema “sorry”. Sheria zimejaribu kuondoa hofu hiyo. England na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Kanada, jimbo la British Columbia lilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2006 na Ontario mwaka 2009. Hata hivyo, kwa aliyelelewa na pole, ulimi utatangulia. Jizoeze kuanza na “Are you hurt?” Ni swali la kiutu, na halibebi lawama yoyote.

Hatua ya 5: Ofisini na kwenye barua pepe

Tangazo la kukatika maji au umeme Afrika Mashariki karibu kila mara hufungwa kwa “Any inconvenience caused is regretted.” Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Nani anasikitika? Nani amesababisha? Kama wewe ndiye unayeandika tangazo, jaribu hivi: “We’re sorry for the interruption. Water will be back by 4 pm.” Ni fupi, ina mwenyewe, na ina jambo ambalo msomaji alilitaka, yaani saa.

“We regret to inform you” unaijua kama uliwahi kuomba kazi; ndiyo iliyozaa msemo wa ofisini wa “regret letter”. Angalia kinachofuata baada ya “regret”, maana kinabadilisha maana yote. “I regret to tell you” ni nasikitika kukuambia, habari inakuja sasa. “I regret telling you” ni najuta kwamba nilikuambia. Barua nzima inaweza kugeuka kwa herufi tatu.

Katika kumbukumbu za vikao, “apologies” ni udhuru. “Apologies” kama kichwa cha habari, au “absent with apology” kama tulivyozoea kuandika huku, ni orodha ya waliotoa taarifa kwamba hawatafika. Hawajakosa lolote. Ukishindwa kuhudhuria, mwandikie mwenzako “Please send my apologies.”

“Apologies for the late reply” inafaa barua pepe kwa mtu mnayefahamiana kikazi. Kwa mteja aliyekasirika, sentensi kamili yenye “I” ni bora, kwa sababu neno lisilo na mtu linasikika kama muhuri.

Sasa muundo. Barua yetu ya kuomba radhi huanza na salamu, ikafuata hali ya afya, ikafuata maelezo ya jinsi mambo yalivyokwenda mrama, na samahani ikaja mwishoni kama mgeni rasmi. Msomaji wa Kiingereza akikutana na maelezo kabla ya kosa kutajwa, huyahesabu kuwa visingizio. Igeuze: kosa, marekebisho, basi.

“Dear Mr Hughes, I’m sorry the invoice I sent on Monday had the wrong total. I’ve attached the corrected one. The amount due is £420, not £480. Please let me know if anything else looks wrong.”

Hakuna mtandao uliosumbua, hakuna mhasibu aliyekuwa likizo. Akitaka sababu atauliza. Na usiombe radhi mara tatu katika barua moja; ya pili inapunguza uzito wa ya kwanza, na ya tatu inamlazimisha mwenzako aanze kukufariji.

Siku hizi kuna ushauri umeenea kwamba badala ya “Sorry for the delay” uandike “Thank you for your patience.” Kwa ucheleweshaji usio wako, au mdogo, inapendeza. Lakini kama kosa ni lako na mtu ameumia nalo, kumshukuru kwa uvumilivu ambao hakuutoa kwa hiari ni kumtia chumvi kwenye kidonda.

Hatua ya 6: Chunga “if” na “but”

“I’m sorry I offended you” ni samahani. “I’m sorry if anyone was offended” ni mkwepo: kosa limekuwa la kudhania, na aliyekosewa amekuwa “anyone”. Utaisikia kwa wanasiasa na wasanii wakishabanwa. Usiitumie na mtu unayetaka kuendelea kuishi naye vizuri.

“But” ina kazi mbili. Baada ya kuomba radhi inafuta ulichosema: “I’m sorry I shouted, but you made me angry.” Lakini katika kukataa au kupinga kwa adabu, “I’m sorry, but” ni Kiingereza safi: “I’m sorry, but we’re fully booked.” “I’m sorry, but I don’t agree.” Hapo hakuna anayeomba msamaha; ni mto wa kulainisha “hapana”.

Kisawe chake katika kazi hiyo ni “I’m afraid”, ambacho huwapoteza wengi. “I’m afraid he’s not in” haina woga wowote. Ni “bahati mbaya hayupo”. Ukipiga simu ofisi ya Uingereza utaisikia, na jibu sahihi si kuuliza anaogopa nini.

Hatua ya 7: Msibani

“I’m so sorry for your loss” ndiyo pole ya msiba, kwa mdomo na kwa maandishi. Kwa uliye karibu naye, mtaje marehemu: “I’m so sorry to hear about your father.” “My condolences” ni rasmi, na hutumika kwa wingi hivyohivyo. “With deepest sympathy” ni ya kwenye kadi. “Poleni” haina mwenzake wa wingi, ukiiandikia familia, anza na “I’m so sorry for your family’s loss.” Na andika maneno yote. Herufi tatu za “RIP” chini ya tangazo la kifo zinaonekana kama umepita mbio.

Hatua ya 8: Yafahamu matumizi ambayo hayaombi radhi wala hayatoi pole

“I feel sorry for him” ni namhurumia. “Stop feeling sorry for yourself” ni acha kujionea huruma, na ni kali. “You’ll be sorry” ni tishio: utajuta. “Better safe than sorry” husemwa unapochukua mwavuli na mbingu ni nyeupe.

“Sorry” ikikaa mbele ya nomino, maana inageuka kabisa kuwa duni, ya kusikitisha kuitazama: “The house was in a sorry state.” “A sorry excuse” ni kisingizio dhaifu kisichostahili hata jina hilo.

Hatua ya 9: Jibu

Mtu akikuomba radhi kwa jambo dogo: “That’s all right”, “No problem”, “Don’t worry about it”. “No worries” ilisambazwa na Waaustralia na sasa iko kila mahali. “It’s fine” isikilize sauti yake. Ikiwa fupi na kavu, mambo si “fine” hata kidogo. Usijibu “You’re welcome” wala “Don’t mention it”, kwani hizo ni za kupokea shukrani.

Kwa jambo zito, “Thank you for saying that” au “I appreciate the apology” inatambua kwamba mtu amejishusha, bila kukulazimisha useme umesamehe. “I accept your apology” inafunga shauri. “Apology accepted” ni ileile bila mtu ndani, na husemwa kwa mzaha baina ya marafiki au kwa baridi baina ya maadui.

Na ukipewa pole? Kwa msiba, “Thank you” inatosha, na hakuna anayetarajia zaidi. “Nimeshapoa” haina tafsiri. Inayoikaribia ni “Thanks, I’m feeling much better”, nayo ni ya ugonjwa tu.